Mwenye Chombo na Nahodha: Ni Nani Hasa Hubadilika Klabu Inapobadilisha Uongozi

Usiku wa tarehe 4 Septemba 2025, baada ya swala ya Isha, habari kwamba Daniel Levy ameondoka kwenye uenyekiti wa klabu ya Uingereza ya Tottenham Hotspur zilitufikia tukiwa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, kijana mmoja alipoinua simu yake na kuisoma taarifa kwa sauti. Mzee aliyekuwa na kikombe cha kahawa tungu mkononi akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu sawasawa usiku ule: "Kwani Levy si ndiye mwenye timu? Mwenye mali hufukuzwa na nani?"

Swali lilikuwa zuri kuliko majibu yake. Waliomjibu walisema kwamba Levy alikuwa mwajiriwa tu, jambo ambalo si kweli, na wengine wakasema kwamba aliiuza timu, jambo ambalo pia si kweli. Ukweli ni kwamba alikuwa na hisa zake, akabaki na hisa zake, na bado akaondolewa kwenye kiti alichokikalia tangu mwaka 2001. Ili kuelewa jinsi hilo linavyowezekana, inatubidi kutenganisha mambo ambayo neno "uongozi" huyafunga katika fungu moja: kuna kumiliki klabu, kuna kuisimamia, kuna kuiendesha siku hadi siku, na kuna kuifundisha timu uwanjani.

Watu wa Lamu hawahitaji kwenda mbali kuutafuta mfano. Mwenye jahazi anaweza kuishi Mkomani mwaka mzima bila kukanyaga sitaha, lakini yeye ndiye anayemchagua nahodha. Nahodha huwachagua mabaharia, huamua tanga lipandishwe lini, na chombo kikipanda mwamba ni yeye anayelaumiwa na bandari nzima. Katika klabu ya kulipwa, mwenye chombo ni wenye hisa. Wao huteua bodi ya wakurugenzi, ambayo kazi yake ni kusimamia mali yao. Bodi humwajiri mtendaji mkuu, anayeshika mishahara, mikataba ya wadhamini na tiketi. Mtendaji mkuu naye, siku hizi, humwajiri mkurugenzi wa michezo, ambaye humtafuta kocha na wachezaji. Sisi tunaotazama mechi kibandani humwona wa mwisho tu, yule anayesimama kando ya mstari akipiga kelele, na kwa hiyo tunadhani kwamba yeye ndiye kiini cha kila kitu.

Ila mfano wa jahazi hautoshi kulieleza jambo la Levy, kwa sababu yeye alikuwa nahodha mwenye fungu katika chombo. Hapo unafaa zaidi mfano wa nyumba ya mirathi. Chukua nyumba ya mawe iliyoachiwa warithi kadhaa, mmoja wao akiwa amekaa ndani kwa miaka zaidi ya ishirini: yeye ndiye mwenye ufunguo, ndiye aliyetengeneza dari na kupaka chokaa, ndiye ambaye majirani humwita mwenye nyumba. Fungu kubwa, hata hivyo, liko kwa ndugu yake anayeishi mbali. Siku huyo wa mbali anapoamua kwamba ufunguo ukabidhiwe mtu mwingine, aliyekaa ndani hatapoteza fungu lake, atapoteza ufunguo. Mfano huu nao una kasoro, maana mrithi anaweza kudai agawiwe chake, ilhali mwenye robo ya hisa hawezi kudai robo ya uwanja, lakini kwa swali la mzee wetu unatosha.

Sasa tuzitie tarakimu. Wakati ule takriban asilimia 86.58 ya Tottenham ilikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo ENIC. Ndani ya ENIC, mfuko wa amana wa familia ya tajiri Joe Lewis ulikuwa na asilimia 70.12, na Levy pamoja na jamaa zake walikuwa na asilimia 29.88. Ukizidisha, fungu la Levy katika klabu lilikuwa kama robo moja, na la familia ya Lewis kama asilimia 60. Miaka yote ile Levy alitawala kwa sababu wenye fungu kubwa walimwachia atawale. Walipobadili nia, hapakuwa na kura ya kuhesabu. Kiti cha mwenyekiti kikapewa Peter Charrington, mwenyekiti asiye na kazi za utendaji, na uendeshaji wa kila siku ukabaki kwa Vinai Venkatesham, mtendaji mkuu aliyewahi kushika kazi kama hiyo Arsenal na ambaye alikuwa ameajiriwa miezi michache kabla. Mtu anayesoma habari kwa makini angeuona uajiri ule kuwa dalili: klabu ambayo kwa miaka mingi mwenyekiti wake ndiye aliyekuwa mtendaji, ghafla inatafuta mtendaji mwingine. Wala kombe halikumkinga. Miezi mitatu na ushei kabla ya hapo, mwezi wa Mei, Tottenham walikuwa wameifunga Manchester United bao 1-0 kule Bilbao na kubeba Ligi ya Ulaya.

Manchester United yenyewe ndiyo darasa lenye mafundo mengi zaidi, na kwa kuwa nusu ya mji huu huvaa jezi yake, nitakaa hapo kidogo.

Familia ya Glazer ya Marekani iliinunua klabu hiyo mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, nyingi zikiwa za mkopo, na sehemu kubwa ya mkopo huo ikatwishwa klabu yenyewe. Ni kama mtu anunue jahazi kwa deni, kisha jahazi hilohilo lilipe deni lake kwa nauli za abiria. Mwaka 2012 sehemu ya hisa iliuzwa katika soko la hisa la New York, na wengi walidhani kwamba familia imeanza kutoka. Haikuwa hivyo, kwa sababu hisa za klabu hiyo ziligawanywa katika madaraja mawili. Hisa ya daraja A, ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua sokoni, ina kura moja. Hisa ya daraja B, iliyobaki kwa familia, ina kura 10. Kwa mpango huo unaweza kumuuzia mgeni sehemu ya mali yako, ukachukua fedha zake, na bado usimpe sauti.

Ndiyo maana mvutano wa mwaka 2023 uliwachosha watu. Sheikh Jassim wa Qatar alitaka kununua klabu yote, hisa zote za madaraja yote mawili, akajiondoa mwezi wa Oktoba. Jim Ratcliffe, tajiri wa Uingereza mwenye kampuni ya kemikali ya INEOS, alikubali kununua sehemu. Mapatano yalitangazwa tarehe 24 Desemba 2023, kwa bei ya dola 33 kwa hisa, yakimpa robo ya hisa za daraja B na mpaka robo ya zile za daraja A, pamoja na ahadi ya dola milioni 300 kwa ajili ya miundombinu. Ligi Kuu ya Uingereza ilihitaji kumchunguza kwanza, kama inavyomchunguza kila anayetaka kumiliki au kuongoza klabu, na shughuli ikakamilika tarehe 20 Februari 2024.

Kitu cha ajabu katika mapatano hayo ni kwamba mwenye robo alikabidhiwa usimamizi wa masuala yote ya soka, huku wingi wa kura ukibaki kwa waliokuwa nao. Ukitaka kujua maana yake, tazama bodi, kwa kuwa klabu kubwa mara nyingi huwa na zaidi ya moja. Kuna bodi ya kampuni mama, iliyosajiliwa katika visiwa vya Cayman, ambayo huangalia hisa, madeni na mambo mazito ya mali. Huko INEOS ilipata viti viwili, ikiwa wachache mbele ya familia. Na kuna bodi ya klabu yenyewe, ambako iliwaingiza watu wake, Dave Brailsford na Jean-Claude Blanc. Kwa hiyo Ratcliffe aliweza kumwondoa kocha, kumwajiri mtendaji na kupunguza wafanyakazi, lakini hangeweza kuiuza klabu. Shabiki anayeuliza iwapo Ratcliffe ndiye mwenye Manchester United anapaswa kujibiwa kwa swali: mwenye nini? Usukani, au chombo?

Baada ya usukani kubadilika mkono, watu walianza kupishana mlangoni. Omar Berrada alichukuliwa kutoka Manchester City kuwa mtendaji mkuu, akaanza kazi Julai 2024. Jason Wilcox alitoka Southampton kuwa mkurugenzi wa ufundi. Dan Ashworth, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa Newcastle, aliwekwa na mwajiri wake kwenye likizo ya kulazimishwa tangu Februari, asifanye kazi kwao wala asiende kwingine, mpaka klabu mbili zilipokubaliana fidia. Aliripoti Old Trafford, uwanja wa Manchester United, Julai mosi na akaondoka tarehe 8 Desemba mwaka uleule. Katikati ya safari hiyo, kocha Erik ten Hag aliongezewa mkataba mwezi wa Julai na kufutwa kazi tarehe 28 Oktoba. Hesabu za klabu zilionyesha kwamba kuachana na ten Hag na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4, na kuondoka kwa Ashworth pauni milioni 4.1. Jumla ni pauni milioni 14.5, fedha ambazo hazikununua hata jozi moja ya viatu.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba hizo ni hasara za kocha. Kwa maoni yangu ni hasara za bodi. Uongozi mpya uliingia ukiwa na kocha ambaye haukumchagua, ukasita kumtoa majira ya kiangazi wakati kumtoa kungekuwa rahisi, ukampa mkataba mrefu zaidi, ukamnunulia wachezaji, kisha ukamtoa dirisha la usajili likiwa limefungwa. Kocha aliyefuata, Ruben Amorim, alirithi kikosi kilichonunuliwa kwa mfumo wa mtu mwingine. Balaa hili ndilo linaloifanya kazi ya mkurugenzi wa michezo kuwa muhimu, ingawa watu wengi hawamjui hata kwa sura. Mkataba wa mchezaji huwa wa miaka minne au mitano, ilhali kocha mara nyingi hamalizi miwili. Pasipokuwa na mtu anayeshika uzi mmoja kutoka kocha hadi kocha, kila anayeondoka huacha nyuma wachezaji wasiotakiwa na anayemfuata, na mishahara yao huendelea kuhesabiwa, wakati kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza za wakati ule ziliweka kikomo cha hasara cha pauni milioni 105 kwa miaka mitatu.

Klabu inapouzwa yote, mambo huwa mepesi zaidi kueleweka. Chelsea ilipotoka kwa Roman Abramovich Mei 2022 kwa pauni bilioni 2.5, ikaenda kwa kundi la Todd Boehly na Clearlake Capital, haikuchukua mwezi mzima mwenyekiti Bruce Buck, mkurugenzi Marina Granovskaia na mshauri wa ufundi Petr Cech wote wakawa wametangaziwa safari. Mwenye chombo mpya huja na watu wake.

Kuna klabu ambazo hazina mwenye chombo mmoja, na huko hesabu ni nyingine kabisa. Barcelona ni ya wanachama wake, na rais huchaguliwa kwa kura zao. Mwaka 2020 wanachama waliokasirika walikusanya saini kupita zile 16,520 zilizohitajika ili kuitisha kura ya kutokuwa na imani, na Josep Maria Bartomeu akabwaga manyanga tarehe 27 Oktoba kabla kura hiyo haijapigwa. Joan Laporta alichaguliwa Machi 2021. Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba klabu ya wanachama ni ya kila mlalahoi: kabla ya kukalia kiti, bodi ya Laporta ilitakiwa kuweka dhamana ya benki ya takriban yuro milioni 125. Kura ni za wengi, lakini wanaoweza kuomba kura hizo ni wachache wenye mifuko, au wenye marafiki wenye mifuko.

Karibu na kwetu zaidi kuna Simba na Yanga za Dar es Salaam, ambazo mashabiki wake hapa Lamu si haba. Hizo zilizaliwa zikiwa klabu za wanachama, miaka ya 1930, na katika miaka ya karibuni zikataka mtaji wa wawekezaji bila kupoteza wanachama. Serikali ya Tanzania iliweka mpaka: mwekezaji asipite asilimia 49, na asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Desemba 2017 wanachama wa Simba waliukubali mwelekeo wa kuingiza mwekezaji na kumpitisha Mohammed Dewji, aliyeahidi shilingi bilioni 20 za Tanzania. Matokeo yake ni mpangilio unaomchanganya kila anayesikiliza redio kwa sikio moja, kwa sababu Simba ina watu wawili wanaoitwa mwenyekiti. Mmoja ni mwenyekiti wa klabu, anayechaguliwa na wanachama. Mwingine ni mwenyekiti wa bodi, anayetoka upande wa mwekezaji. Juni 2024, timu ilipokuwa imemaliza msimu mbaya na wajumbe kadhaa wa bodi wakajiuzulu, Salim Abdallah aliachia uenyekiti wa bodi na Dewji akarudi kuushika mwenyewe. Murtaza Mangungu, mwenyekiti wa upande wa wanachama, hakuguswa na mabadiliko hayo, kwa kuwa hakuteuliwa na mwekezaji na kwa hiyo mwekezaji hangeweza kumtoa. Makelele yaliyosikika mitaani kwamba "mwenyekiti amebaki" na "mwenyekiti ameondoka" yalikuwa ya kweli yote mawili. Yanga walipunguza mkanganyiko kwa kubadili katiba na kumwita kiongozi wao rais, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said.

Kenya tuna mchanganyiko wetu. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, na AFC Leopards, ya mwaka 1964, ni klabu za jamii zinazoongozwa na maafisa wa kuchaguliwa. Klabu ya Bandari ya Mombasa ni ya Mamlaka ya Bandari za Kenya, ileile ambayo winchi zake tunaziona Kililana, na ni rahisi kukisia kwamba katika klabu ya shirika upepo wa makao makuu huvuma mpaka kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inazitaka klabu ziandikishwe kwa Msajili wa Michezo, na imeunda mahakama maalumu ya kuamua migogoro ya michezo. Kwa sheria hiyo, mwenyekiti aliyechaguliwa kinyume na katiba ya klabu anaweza kushangiliwa uwanjani na bado asitambuliwe ofisini.

Hilo la mwisho nalijua kwa mwili wangu. Niliwahi kuwa mweka hazina wa timu ya mtaa wetu hapa Lamu, timu ambayo mali yake yote ilikuwa jezi pande mbili, mipira minne, muhuri na akaunti ya benki. Watia saini wa akaunti tulikuwa watatu, na katiba yetu ilisema kwamba hundi haipiti bila saini ya mwenyekiti. Mwenyekiti akapata kazi Mombasa, akaaga kwa heshima, tukakutana baada ya Alasiri na kumchagua mwingine kwa kunyoosha mikono. Wiki ileile tulihitaji fedha za petroli ya boti kwenda kucheza Faza. Nilifika benki na hundi yenye saini ya mwenyekiti mpya, wino ukiwa haujakauka, na karani akaitazama, akafungua faili, akanirudishia. Alitaka muhtasari wa mkutano, orodha ya waliohudhuria, cheti cha usajili na nakala za vitambulisho. Nilipompelekea muhtasari, aliusoma pamoja na katiba yetu na kunionyesha kwa kalamu kwamba akidi ni theluthi mbili ya wanachama. Sisi tulikuwa 14 kati ya 31. Mwenyekiti wetu mpya alikuwa na cheo, funguo za stoo na kiti cha mbele kwenye mechi, lakini hakuweza kutoa shilingi mia tano.

Tangu hapo, taarifa ya klabu yoyote inapotoka ikisema kwamba fulani ameachia ngazi "kwa makubaliano ya pande zote mbili" na fulani "amekabidhiwa majukumu", mimi hutafuta mambo mawili kabla ya kusoma sifa na shukrani zilizomo: ni nani aliyemteua anayeingia, na ni nani anayetia saini fedha zinapotoka. Taarifa nyingi huwa zimeandikwa ili usiyapate upesi. Ukiyapata, utajua iwapo klabu imepata uongozi mpya au imepata sura mpya kwenye picha ya pamoja.

Sisi, kwa kuwa mechi ya Faza haikuweza kungoja mkutano mwingine, tulifanya lililowezekana. Kitabu cha hundi kilivushwa hadi Mokowe, kikapandishwa basi la Mombasa mikononi mwa utingo tuliyemwamini, na siku ya tatu kikarudi. Saini ya mwenyekiti wa zamani ilikuwa mahali pake. Ndani yake alikuwa amekunja kikaratasi, akiuliza ni kwa nini kipa wake aliyemsajili mwenyewe amewekwa benchi, na kutaka ajibiwe kabla ya hundi nyingine.